Mto wa Murang'a, Mto wa Kwetu

Wahakiki chipukizi tuna ugonjwa mmoja: tukiona msalaba kwenye picha tunaandika "ishara ya dini" na kufunga daftari. Hebu tuupime ugonjwa huo kwa kazi ya Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Kati ya mwaka 1956 na 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa kuu la Anglikana la Murang'a, Kenya: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa.

Mandhari yake si ya Palestina. Nchi ni ya Wakikuyu na Yesu ni mtu mweusi. Wapo wasemao eti msanii kaivalisha Biblia nguo za Kiafrika tu, basi. Mimi nakataa. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa na Mau Mau kwa kukataa kiapo. Yaani aliyeagiza kazi alikwisha amua shahidi ni nani. Lakini katika Hali ya Hatari hiyohiyo (1952-1960) serikali ya kikoloni iliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000. Sasa tundika mwili mweusi mtini, mbele ya vilima vilevile, halafu uniambie mtazamaji ataona maiti wa upande mmoja tu! Mjane wa Mkristo atamwona mumewe. Mama wa aliyenyongwa naye atamwona mwanawe. Hapo ishara imemponyoka aliyeiagiza, na iliyoiponyosha ni ile ardhi iliyochorwa nyuma yake.

Nasema haya kwa sababu yetu sisi wa Usinge na Tabora. Nimeona picha za rangi za maji za vijana wenzangu: mji mdogo kando ya Malagarasi, kanisa huku, msikiti kule, njiwa katikati. Zinapendeza, ila haziumi. Mto ule ulivukwa na misafara ya Ujiji, pembe mabegani, watumwa minyororoni. Wenyewe una ushahidi tosha kabla hujauongezea njiwa.

Tena rangi za maji, bwana, hazina huruma. Weupe ni karatasi yenyewe. Usipouachia nafasi tangu mwanzo, huupati tena. Ishara nayo ni hivyohivyo, kwa mchoraji na kwa mwandishi. Ukiibandika mwishoni itaonekana kiraka.