Pipa Juu ya Tangi: Kosa Lisilo na Utetezi

Video ya mfumo wa kujaza maji tangi la samaki mliiona, kwa hiyo hatua sizirudii. Waya zimechomelewa vizuri, rilei imekaa mahali pake, na pampu ya volti 12 ni chaguo la busara. Sifa zinaishia hapo, maana fundi alilipandisha pipa la lita 100 kwenye rafu iliyo juu ya tangi, kisha akatumbukiza ncha ya mpira ndani ya maji.

Rudieni pale boya la swichi ya pampu linapopanda na pampu kunyamaza. Chini ya ncha ya mpira mchanga bado unatimka! Mpira umejaa maji na pipa liko juu, basi maji yanajivuta yenyewe mpaka pipa likauke na sebule ilowe. Pampu hizi ndogo hazina vali. Zikizimwa, maji hupenya katikati ya mapanga yake bila kizuizi. Swichi ilikata umeme, maji hayakukatwa na mtu. Kamera nayo ikahamia kwa samaki.

Na tangi lenyewe ni la matumbawe. Maji yakigeuka mvuke chumvi hubaki, ndiyo maana tunajazia maji baridi. Lakini ukizidisha lita 20 kwenye lita 200 zenye gramu 35 za chumvi kwa lita, unashuka hadi karibu 32. Matumbawe hayavumilii mabadiliko ya ghafla namna hiyo.

Halafu boya ni moja tu. Chumvi ikiligandisha chini au konokono akilikalia, pampu haizimi kamwe.

Wala boya halihitaji umeme: mvumbuzi Ktesibios wa Alexandria, karne ya 3 KK, alidhibiti mtiririko wa saa yake ya maji kwa boya lililoziba njia ya maji lenyewe. Tangi la choo linafanya vivyo hivyo hadi leo, bila umeme. Mafundi wetu wa sasa wanataka kwanza programu na taa za kumetameta. Habari ya maji baadaye.

Shusheni pipa chini ya tangi. Ncha ya mpira ikae juu ya maji, isiyaguse. Ongezeni boya la pili, juu kidogo ya lile la kwanza, la kukata umeme la kwanza likikwama. Na pipa liwe dogo kiasi kwamba hata likimiminika lote, tangi halifuriki.