Baba na Msimulizi: Filamu za Vita katika Maandishi ya Kumbukumbu za Utotoni

Miongoni mwa maandishi ya kumbukumbu yanayotoka Uingereza na Marekani, mna kundi ambamo mtu mzima hukumbuka jinsi alivyotazama filamu za matukio halisi ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia pamoja na baba yake. Mandhari ni yale yale: sebule, televisheni, baba kitini, mtoto sakafuni. Ni rahisi kuyachukulia maandishi haya kuwa maliwazo ya mtu anayetamani siku zilizopita. Makala haya yanadai kwamba uzito wake umo katika uhusiano wa sauti mbili, ya msimulizi wa filamu na ya baba, na kwamba uhusiano huo huamuliwa kwanza na muundo wa filamu yenyewe.

Mfano wa kwanza ni Victory at Sea, mfululizo wa sehemu 26 ulioonyeshwa na NBC kuanzia mwaka 1952 kwa ushirikiano na jeshi la wanamaji la Marekani. Hamna shahidi anayehojiwa ndani yake. Picha za meli na mizinga huongozwa na sauti ya msimulizi mmoja na muziki wa Richard Rodgers, ambao hauachi nafasi ya shaka kuhusu nani ameshinda na kwa nini. Vita vilikuwa vimekwisha miaka saba tu iliyotangulia. Hivyo basi, baba aliyepigana katika Pasifiki alikuwa shahidi pekee mle sebuleni. Neno lake moja, au kule kuinuka kwake na kutoka nje, kulitosha kuutia ufa utukufu wa muziki ule. Mtoto alijifunza kuisoma filamu kwa kuusoma uso wa baba.

The World at War, iliyotengenezwa na Thames Television na kuonyeshwa Uingereza kati ya Oktoba 1973 na Mei 1974, ina muundo tofauti. Nayo ina sehemu 26 na msimulizi mwenye sauti nzito, Laurence Olivier, lakini msimulizi huyo hupisha mashahidi: raia, askari, Albert Speer aliyekuwa waziri wa Hitler, na Traudl Junge aliyekuwa katibu wake. Sehemu ya kwanza hufunguliwa katika magofu ya Oradour-sur-Glane, kijiji cha Ufaransa ambacho wakazi wake waliuawa na askari wa Kijerumani mwezi Juni 1944. Hapa nafasi ya shahidi imekwisha kujazwa. Baba aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1940 alikuwa na miaka 53 alipowaona watu wa rika lake, maadui wakiwamo, wakieleza waliyoyatenda. Angeweza kuwapinga au kuwaunga mkono. Angeweza pia kunyamaza kwa kuwa wengine wamesema kwa niaba yake.

Kimya hicho ndicho mtihani mkubwa wa maandishi haya. Yako maandishi yanayokifasiri kila kimya cha baba kuwa jeraha la vita. Ufafanuzi huo huvutia, lakini hauna budi kuthibitishwa. Baba aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1940 hakupigana. Huenda alikumbuka mabomu tu, au kupelekwa mashambani mbali na wazazi. Mwingine alizaliwa baada ya vita, na akaitazama filamu ile iliporudiwa au katika kanda za video. Ujuzi wake wote ulitoka katika chemchemi ile ile aliyoinywea mtoto. Dhana ya kumbukumbu ya kurithi, iliyoendelezwa na Marianne Hirsch kwa kuwahusu hasa watoto wa walionusurika maangamizi ya Wayahudi, haifai kupachikwa ovyo kwa familia iliyorithi filamu badala ya tukio. Mwandishi bora hutenganisha aliyoyasema baba na aliyoyasema Olivier. Mwandishi dhaifu huziyeyusha sauti hizo mbili, hata baba akazungumza kama hati ya televisheni.

Kipimo hiki kina maana kwa msomaji wa Kenya pia. Sehemu ya 14 ya The World at War inahusu Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko katika bonde la Kabaw. Waruhiu Itote, aliyekuwa askari Burma, alikuwa amekwisha kuiandika safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Kwa mtoto wa askari wa Keya aliyesimuliwa Burma nyumbani kabla ya kuiona kwenye kioo, mpangilio wa sauti hugeuka: baba hutangulia, filamu hufuata, na ni filamu inayopaswa kujieleza mbele ya masimulizi ya mzee.

Kwa hiyo, swali la kuuliza juu ya kila andiko la aina hii si kama filamu ilikuwa nzuri, wala kama baba alipendwa. Ni hili: katika chumba kile, nani alijua nini, na alikijuaje? Andiko linaloweza kulijibu huwa ushahidi wa jinsi vita vinavyopita kutoka kizazi hadi kizazi. Lisiloweza, hata likiwa na upendo mwingi, limemnyima baba sauti yake mwenyewe.