Cheti Kwanza, Mbio Baadaye

Mwaka 2004, mwandishi Mmarekani John Manners na Mike Boit, Mkenya aliyetwaa shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, walianzisha mpango wa KenSAP ili kuwapeleka vijana wa Bonde la Ufa katika vyuo bora vya Marekani. Wasaka vipaji wengi huanzia uwanjani, cheti wakakiulizia baadaye. Manners na Boit walianzia kwenye cheti: walichukua vijana waliong'ara katika KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, ndipo wakawapima mbio za mita 1,500, hata wale ambao hawakuwahi kushindana. Mpangilio huo ulikuwa na hesabu yake.

Hesabu ya kwanza ni kanuni. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, humtaka mwanafunzi wa Marekani anayelenga daraja la kwanza la mashindano ya vyuo awe amesoma kozi 16 za msingi kwa wastani usiopungua 2.3. Kozi 10 kati ya hizo lazima ziishe kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari kuanza, na 7 za hizo 10 ziwe za Kiingereza, hisabati au sayansi. Mwaka huo ukishaanza, kozi hizo 10 haziwezi kurudiwa ili kupandisha wastani. Anayetoka nje ya Marekani hupimwa kwa matokeo na vyeti vya nchi yake. Kwa vyovyote vile, kocha hapotezi muda kwa mkimbiaji ambaye hataruhusiwa kuvaa jezi.

Hesabu ya pili ni fedha. Kwa miaka mingi, timu nzima ya riadha ya wanaume ya daraja la kwanza iliwekewa kikomo cha fedha sawa na ufadhili kamili 12.6. Kocha aliukata vipande, akawagawia wakimbiaji, warukaji na warushaji. Basi kijana ambaye alama zake zilimpatia ufadhili wa masomo alimpunguzia kocha mzigo: kipande kidogo cha fedha za michezo kilitosha kumsajili.

Hesabu ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo KenSAP waliyoitegemea. Vyuo vinane vya Ivy League, vikiwamo Harvard, Yale na Princeton, havitoi ufadhili wa michezo hata senti. Hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia. Kwa mtoto wa mkulima aliyekubaliwa Harvard, msaada huo waweza kulipia karo, malazi na chakula. Hapo kocha hana hundi mkononi. Alicho nacho ni sauti: hupeleka majina machache kwa ofisi ya udahili, nayo huangalia alama za shule na za mtihani. Kwa kijana ambaye alama zake zinakaribia za wengine wanaodahiliwa, neno la kocha linaweza kuufungua mlango. Aliye chini mno, kasi yake haimwokoi.

Ndiyo maana kambi ya KenSAP kule Iten haikuwa ya mazoezi ya miguu tu. Vijana walinolewa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, na kusaidiwa kuandika maombi. Muda mzuri wa mita 1,500, uliopatikana kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ulikuwa nyongeza ya kumshawishi kocha. Baada ya muda, wengi walipokelewa kwa nguvu ya masomo pekee.

Boit mwenyewe alipitia Eastern New Mexico University, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbio zilimfikisha chuoni, elimu ikabaki naye zilipokwisha.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo anayemwona mwanafunzi mwepesi wa kidato cha kwanza asimwombee ruhusa ya kukosa hisabati ili akafanye mazoezi. Alama za darasa hilo ni sehemu ya rekodi yake, sawa na muda wake uwanjani. Ampangie mazoezi alfajiri, na kengele ya somo ikilia, awe kwenye dawati lake.