Dodoso moja, vyuo 83

Vyuo vingi huwauliza wanafunzi wao wanaionaje teknolojia ya kusomea. Kazi ni kupata majibu yanayolinganishika. Kila chuo kikitunga maswali yake, hakuna wa kujipima naye. Nchini Uingereza, Jisc, shirika linalovihudumia vyuo vya huko kwa mambo ya intaneti na teknolojia, lilikuja na dodoso la pamoja. Majaribio yalifanyika mwaka 2016. Mwaka 2018 wanafunzi zaidi ya 37,000 wa vyuo 83 walilijaza.

Kilicholibeba dodoso hilo ni mgawanyo wa kazi. Maswali ya msingi yalitungwa na Jisc, na chuo hakikuruhusiwa kuyagusa. Kiliweza tu kuongeza machache ya kwake. Kusambaza kiungo na kuwahimiza wanafunzi ilikuwa kazi ya chuo chenyewe. Malipo yake yalikuwa kuyaona majibu ya wanafunzi wake na kuyapima na wastani wa wengine, bila kuchungulia ya jirani. Ingekuwa vinginevyo, mkuu gani wa chuo angekubali udhaifu wa waifai yake uanikwe?

Maswali ya pamoja yana hatari yake. Chukua swali kama hili: “Je, intaneti ya chuoni ina kasi na ni ya uhakika?” Hapo yameulizwa mawili kwa mpigo. Anayepata kasi nzuri asubuhi na kukatikiwa jioni ajibu nini? Katika dodoso la chuo kimoja, kosa hilo linaishia hapo hapo. Katika la pamoja linasambaa vyuo vyote, na ukilisahihisha mwakani, huwezi tena kulinganisha miaka hiyo miwili. Ndiyo maana maswali hujaribiwa kwanza kwa wanafunzi wachache.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwa wajazaji. Chuo hujiunga kwa hiari, mwanafunzi hujaza kwa hiari, tena mtandaoni. Asiye na bando, ambaye ndiye hasa tungetaka kumsikia, hayumo. Hata majibu yafike laki moja, pengo lake halizibiki.

Vyuo vyetu vikitaka kuiga, na nadhani inafaa, vipeleke na karatasi madarasani. Na kabla ya kuwarudia wanafunzi mwaka wa pili, viwaeleze kwanza walisema nini na kipi kimefanyiwa kazi.