Chonge iliyobaki nyuma

Upenyo niliuona kwenye kioo cha bafuni, usiku, taa ikimulika kutoka juu. Nilikuwa nimevaa alaina ya 9 kati ya 24, siku ya nne. Kila jino lilikuwa limekaa sawasawa ndani ya ganda lake la plastiki isipokuwa chonge ya juu, upande wa kushoto. Kwenye ncha yake palikuwa na upenyo wa hewa, umbo la mwezi mwandamo, mwembamba kama kipande cha ukucha. Nikabana ganda kwa kidole, upenyo ukapotea. Nikaachia, ukarudi.

Upenyo huo ndio ulionifanya niache kuwa mvaaji tu na kuanza kuuliza kazi hii inafanyikaje.

Kwa ambaye hajawahi kuziona, alaina ni maganda ya plastiki angavu yanayovikwa juu ya meno yote ya taya moja, kama glavu inavyovikwa vidoleni. Unavaa moja wiki moja au mbili, unaiweka pembeni, unavaa inayofuata. Kila ganda limetengenezwa kwa umbo ambalo meno yako hayajalifikia bado. Tofauti kati ya jino lilipo na ganda linapotaka liwe ni ndogo sana, kwa kawaida haizidi 0.25 mm kwa hatua moja.

Kwa nini robo ya milimita? Jino halijapigiliwa mfupani kama msumari ukutani. Limeshikiliwa ndani ya tundu lake na nyuzi laini, na nafasi zinamokaa nyuzi hizo kati ya mzizi na mfupa ni kama 0.2 mm. Ganda likisukuma, nyuzi za upande mmoja hubanwa na za upande wa pili huvutwa. Upande uliobanwa huja seli zinazomeng'enya mfupa, upande uliovutwa huja seli zinazojenga mfupa mpya, na jino huhama pamoja na tundu lake. Ukisukuma kwa pupa, nyuzi hubanwa mpaka damu haipiti, na jino badala ya kwenda husimama. Kwa hiyo ukubwa wa hatua umewekwa na mwili wenyewe, na kiwanda kimeufuata.

Sasa, chonge. Meno ya mbele ni bapa, na ukitaka kuyazungusha plastiki inapata pembe ya kushika. Chonge ni ya duara. Jaribu kuzungusha chupa iliyolowa kwa mkono wenye sabuni, utaelewa: mkono unazunguka, chupa imetulia. Tena chonge ina mzizi mrefu kuliko meno mengine yote kinywani. Yangu ilipaswa kuzunguka na wakati huohuo kushuka kidogo, na kushusha jino ni kazi nyingine ambayo ganda haliiwezi vizuri, maana plastiki inajua kusukuma kuliko kuvuta. Ndiyo maana daktari hubandika juu ya meno ya namna hiyo vijinundu vidogo vya kompositi, ileile yenye rangi ya jino inayotumika kuzibia meno. Kijinundu ndicho mpini. Ganda lina kishimo kinacholingana nacho, nacho ndicho kinacholipa pa kushika.

Kijinundu cha chonge yangu kilikuwa kimeng'oka. Nilikumbuka kabisa: mahindi ya kuchoma, wiki tatu nyuma, kile kidude kidogo kigumu nilichodhani ni kipande cha punje, nikakitema.

"Kaka, hiki kimetoka lini?" daktari aliuliza, kioo chake kikiwa bado kinywani mwangu.

"Kama wiki tatu, daktari. Sikujua kama ni jambo la kuleta."

Hakunilaumu. Alinionyesha kwenye skrini: alaina mbili nzima zilikuwa zimepita juu ya chonge isiyokuwa na mpini. Meno mengine yalisonga mbele, chonge ikabaki palepale, na kila ganda jipya likazidi kuiacha.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii inawahusu wengi waliokulia nilikokulia. Mimi ni mtoto wa Arusha. Maji ya kule, kama ya sehemu nyingi za Kilimanjaro na Bonde la Ufa hadi Kenya, yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na meno ya wengi wetu huwa na rangi ya kahawia tangu utotoni. Rangi ni sura tu ya jambo lenyewe. Ili kompositi ishike, daktari hupaka asidi juu ya enameli kwa muda mfupi ili ikwaruzike kidogo, gundi ipate pa kuingia. Enameli iliyolelewa kwenye floraidi nyingi haikubali asidi hiyo kwa urahisi, hivyo kijinundu hukaa juujuu. Safari ya pili alikwaruza kwanza uso wa jino, akaiacha asidi ikae zaidi, kisha akabandika. Akanirudisha alaina ya 7, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeitunza. Wiki mbili na ya 7, wiki mbili na ya 8, halafu 9 tena. Nimepoteza mwezi na zaidi. Ukiwa na meno ya Arusha, lizungumze na daktari kabla ya kijinundu cha kwanza kubandikwa, na alaina iliyopita usiitupe hata kama imechafuka.

Nilikuwa pia nimeiamini sana picha ya kompyuta. Mwanzoni daktari alinionyesha meno yangu kwenye kompyuta, yanatembea yenyewe kutoka yalivyopinda hadi yatakavyonyooka, na nikaondoka nikiwa nimeshauona mwisho wake. Picha ile ni mpango, si utabiri. Mwaka 2009 Kravitz na wenzake walichapisha utafiti wao nchini Marekani wakilinganisha mwendo uliopangwa kwenye kompyuta na mwendo uliotokea kinywani: kwa wastani meno ya mbele na chonge yalifikia asilimia 41 ya mpango. Utafiti wa kufuatilia wa 2020 ukapata asilimia 50. Plastiki imekuwa bora, vijinundu vimekuwa bora, bado nusu ya safari haifiki kwa mkupuo wa kwanza. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupimwa upya katikati na kutengenezewa mfululizo mwingine wa kumalizia. Hilo lisichukuliwe kuwa daktari amekosea. Liulizwe siku ya kwanza, pamoja na bei: mfululizo wa kumalizia umo ndani ya fedha nilizolipa, au ni bili nyingine?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1945 Harold Kesling, daktari wa meno wa Indiana, alitengeneza kifaa cha mpira cha kumalizia kazi ya kunyoosha meno, na akaona kwamba vifaa vya aina hiyo vikifuatana vingeweza kusogeza meno mbali zaidi. Tatizo lilikuwa mikono. Kwa kila hatua mtu alipaswa kukata meno ya plasta moja moja na kuyapanga upya kwenye nta. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, wahitimu wa shule ya biashara ya Stanford na wala si madaktari wa meno, walianzisha kampuni ya Align Technology, yenye alaina za Invisalign. Chishti alikuwa amevaa vyuma vya meno akiwa mtu mzima. Baada ya vyuma alipewa ganda la plastiki la kuzuia meno yasirudi, akaona kwamba akiacha kulivaa meno huhama, akilivaa tena hurejea. Walichoongeza ni kompyuta ya kugawanya safari katika hatua ndogo, na printa ya pande tatu ya kutoa kielelezo cha kila hatua, ambacho karatasi ya plastiki iliyopashwa moto hufinyangwa juu yake.

Lakini mashine hiyo yote ina sehemu moja ambayo kiwanda hakiwezi kuitengeneza, nayo ni siku ya mvaaji. Vyuma vimegandishwa, vinafanya kazi hata ukivisahau. Alaina iliyo mfukoni haifanyi kitu. Seli za mfupa huitikia msukumo unaodumu kwa saa nyingi. Ukivua mara kwa mara, jino linaanza kurudi.

Maelekezo ni saa 20 hadi 22 kwa siku. Usiisome 22, soma kilichobaki: dakika 120 za kula, kunywa chochote kisicho maji, kupiga mswaki na kusafisha ganda. Nilizigawa kwenye karatasi siku ya kwanza. Kifungua kinywa 30, chakula cha mchana 40, cha usiku 40. Zimebaki kumi. Chai ya saa nne iko wapi? Kahawa ya barazani baada ya magharibi iko wapi? Mimi ni mtu wa kunywa chai kidogo kidogo kutwa nzima, chupa iko mezani, kikombe hakikauki, na nilitambua kwamba hicho ndicho kilichopaswa kubadilika kabla ya jino lolote.

Wengine hunywa chai na alaina mdomoni, na nimeona matokeo. Chai ya moto hulainisha plastiki, na ganda lililojipinda linasukuma pasipotakiwa. Sukari hujificha kati ya plastiki na enameli mahali ambapo mate, mlinzi wa kwanza wa jino, hayafiki vizuri. Meno yananyooka huku yanaoza. Rangi ni jambo dogo, ingawa mchuzi wenye manjano utaligeuza ganda kuwa kama kikombe cha zamani. Nikaihamisha chai ya saa nne ndani ya kifungua kinywa. Ugenini ndiko kuna kazi. Huwezi kumkatalia mwenyeji, ila maji hayakataliwi popote, na "naomba maji tu, mama" imenivusha milango mingi. Kikasha cha alaina kinakaa mfuko wa shati. Ukiifunga kwenye tishu na kuiweka kando ya sahani, mwenye kukusanya vyombo ataitupa akidhani anakusaidia.

Ramadhani, ambayo niliihofia, ilikuwa nyepesi. Toka daku hadi magharibi ganda halitoki, takriban saa 13 zimeshapatikana kabla ya tende ya kwanza. Ugumu ulihamia usiku, kwa kuwa watu hula futari kwa vipande, uji sasa, tunda baadaye, chai tena. Niliamua kula mara mbili tu, kila mara nikae chini nile nimalize.

Maumivu hayana maelezo marefu: siku mbili tatu za kila ganda jipya, meno yanauma ukiyagusa. Badilisha usiku kabla ya kulala, asubuhi makali yameshapungua.

Kithembe kilinisumbua zaidi, kwa sababu kazi yangu ni kusema mbele ya watu. Hewa ya "s" hupita kwenye mfereji mwembamba kati ya ulimi na meno ya juu, na ukiongeza plastiki hapo, hata isiyofika milimita moja, mfereji umebadilika. Kwa "th" na "dh" ulimi unakutana na ukingo wa ganda. Nilisoma gazeti kwa sauti nusu saa kila asubuhi, nikirudia rudia maneno yaliyonishinda: siasa, zaidi, thelathini, dhahabu. Siku ya sita mke wangu alisema hasikii tena. Palipokuwa na ukingo unaokwaruza ulimi nilipitisha tupa ndogo ya kucha, kwa ruhusa ya daktari.

Mtu mzima ana jambo ambalo kijana hana: fizi zenye historia. Kabla ya chochote daktari wangu alipima kila ufizi kwa kijiti chenye alama za milimita, akapiga picha ya eksrei, akaondoa ugaga, akanirudisha nyumbani kwa wiki sita. Jino lenye mfupa uliopungua likisukumwa huku ufizi unaumwa, mfupa huzidi kwisha. Ndiyo maana kazi hii haifai kufanywa kwa posta. SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanza 2014, ilijengwa juu ya kuwatumia wateja alaina nyumbani, wengi wao bila kukaa kwenye kiti cha daktari. Septemba 2023 iliomba hifadhi ya mufilisi, Desemba ikafunga, na waliokuwa katikati ya safari wakabaki na maganda bila mtu wa kuwaangalia.

Nimeuacha mwisho mwanya wangu. Ninao katikati ya meno ya juu, ni wa bibi mzaa mama, na kwetu huo ni urembo. Kwenye mpango wa kwanza kompyuta iliufunga kabisa. Hakuna aliyeuliza, programu inaona nafasi tupu na kuihesabu kuwa kasoro. Mama aliangalia ile picha kwenye simu yangu, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hapa umemtoa nani?" Nikarudi kwa daktari kesho yake. Aliandika upya: mwanya ubaki 1.5 mm, nafasi ya kunyoosha meno mengine ipatikane kwa kupiga msasa 0.2 mm katikati ya meno ya pembeni. Kila nikienda anaupima. Ukiwa na wako na unautaka, sema kabla mpango haujatumwa kiwandani, na utake kuuona umeandikwa kwa tarakimu.

Chonge imeshafika. Jana usiku nimevaa alaina ya 15, na chini ya taa ileile ya bafuni ncha imegusa plastiki pande zote. Zimebaki tisa, halafu riteina, ganda la kulalia la kuzuia meno yasirudi, kwa sababu nyuzi za ufizi huchukua karibu mwaka mzima kusahau jino lilipokuwa. Nayo itafinyangwa juu ya kipimo kilekile, 1.5.