Umbo na Udongo: Maonyesho ya Vyombo vya Magdalene Odundo

Katika jumba la sanaa la Hepworth Wakefield, kaskazini ya Uingereza, palifanyika maonyesho kuanzia tarehe 16 Februari hadi tarehe 2 Juni, 2019, ya vyombo vya udongo vya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Jina la maonyesho hayo lilikuwa The Journey of Things, yaani Safari ya Vitu, na baadaye katika mwaka uo huo yalihamishiwa Sainsbury Centre, mjini Norwich. Vyombo vyake, vilivyozidi 50, havikuwekwa peke yake. Pamoja navyo vilipangwa vitu ambavyo Odundo mwenyewe alivichagua: vyombo vya kale vya Misri na Uyunani, vitu vya ibada kutoka pande nyingi za Afrika, kazi ya Ladi Kwali wa Nigeria, vyombo vya Lucie Rie na Hans Coper, na sanamu za Auguste Rodin, Edgar Degas, Henri Gaudier-Brzeska na Barbara Hepworth.

Maonyesho ya namna hii, ambamo udongo, jiwe na rangi hukutanishwa chini ya dari moja, yamekuwa mengi katika miji ya Ulaya na Marekani. Aghalabu hukusudiwa kuthibitisha kwamba sanaa hizo ni ndugu. Walakini katika udugu kuna mkubwa na mdogo, na mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyepewa kiti cha mbele. Je, chungu kimealikwa kama mgeni katika nyumba ya mchoraji na mchongaji, au nyumba ilikuwa yake tangu zamani? Swali hilo ndilo linaloyapa maonyesho ya Wakefield uzito wake, na lugha ya Kiswahili ina ushahidi wa kutoa juu yake.

Yafaa kuanza na jina. Sanaa isiyoiga sura ya mtu, mnyama wala mti, bali hupanga mistari, miraba, duara na uwazi, huitwa katika Kiswahili sanaa ya dhahania. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na shina lake lahusu akili na mambo yaliyomo akilini. Katika elimu ya sarufi halina kosa: upendo na haki ni nomino za dhahania kwa sababu havishikiki kwa mkono. Lakini likihamishiwa katika sanaa hupotosha. Mraba uliochorwa hauko akilini tu. Uko juu ya ubao, una upana na rangi, na jicho hulipima pembe lake. Chungu nacho hushikika kuliko vitu vingi. Kwa sababu ya jina hilo watu wengi hudhani kwamba kazi za namna hii ni mafumbo, na kwamba asiyeambiwa maana iliyofichwa ndani yake hana haki ya kuzitazama. Ndipo husemwa kuwa mambo haya ni ya Wazungu, nayo hayamhusu Mwafrika. Hukumu hiyo imetolewa upesi mno, na sehemu ya kosa iko katika neno lenyewe.

Kuweka chungu kando ya picha si jambo la jana. Mjini London, mwaka 1927 na tena mwaka 1928, mfinyanzi William Staite Murray alionyesha vyombo vyake pamoja na picha za Ben Nicholson. Staite Murray alivipa vyombo vyake majina kama picha, akavitaka bei kubwa, maana aliuhesabu ufinyanzi kuwa sanaa kamili, wala si kazi ya jikoni. Mwaka 1931 mhakiki Herbert Read aliandika katika kitabu chake The Meaning of Art kwamba ufinyanzi ni sanaa ya umbo iliyo mbali kabisa na uigaji. Miaka michache baadaye, mwaka 1934, Nicholson alianza kutengeneza mbao zake nyeupe, ambazo duara na mraba hazikupakwa rangi tu, bali zilikatwa kwa kina ndani ya ubao. Staite Murray naye alihamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Pili, na huko hakufinyanga tena.

Juhudi ya watu hao ina heshima yake, lakini ilikuwa na kasoro. Chungu kilitukuzwa kwa kuvikwa mavazi ya picha: jina la picha, bei ya picha, na ukuta wa picha nyuma yake. Mwenye kutukuzwa kwa mavazi ya kuazima hurudi kuwa mdogo siku mavazi yanapodaiwa. Kwa hiyo yafaa kutazama kama Odundo alifuata njia hiyo au alishika njia nyingine.

Odundo alisomea kwanza sanaa ya matangazo Nairobi, akaenda Uingereza mwaka 1971. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, katika chuo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja. Chuo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, naye Ladi Kwali aliingia humo mwaka 1954. Ladi Kwali na wanawake wenzake wa Kigbari walijua kuujenga mtungi kwa mkono, mfinyanzi akiuzunguka mtungi uliotulia, badala ya mtungi kuzungushwa mbele ya mfinyanzi aliyeketi. Odundo alisoma pia Farnham, kisha Royal College of Art, mjini London, akamaliza mwaka 1982.

Namna yake ya kazi yafaa kuelezwa, kwa kuwa uzuri wa vyombo vyake umetoka humo. Hatumii gurudumu. Huujenga mwili wa chombo kwa kuongeza kamba za udongo, akazikwangua na kuzisawazisha. Kisha huupaka udongo laini uliochujwa sana, akausugua mpaka ung'ae. Hapakwi kabisa ile dawa ambayo ikichomwa huwa kama kioo juu ya sahani. Chombo kikichomwa mara ya kwanza katika moto wenye hewa ya kutosha, hutoka na rangi nyekundu ya kukaribia rangi ya chungwa. Kikichomwa tena pamoja na vitu viwakavyo, hali hewa imezuiwa, hugeuka cheusi. Basi wekundu na weusi huo haukupakwa. Ni udongo ule ule ulioitikia moto kwa namna mbili. Mchoraji huileta rangi kutoka nje akaiweka juu ya ubao, lakini hapa rangi na mwili ni kitu kimoja.

Mtazamaji akisimama mbele ya vyombo hivyo huona tumbo lililojaa, shingo ndefu iliyoinama kidogo upande mmoja, na mdomo uliopanuka kama ukosi wa vazi. Pengine kuna vinundu vidogo vilivyopangwa kama pingili za uti wa mgongo. Hakuna uso, wala mkono, wala mguu. Hata hivyo mtu yumo. Katika lugha nyingine mhakiki angehitaji kueleza sana jinsi chombo kinavyofanana na mwili. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo hayo, maana mtungi kwake una mdomo, una shingo, na una tumbo, na mwenye kuusema hivyo hadhani kuwa anatoa tashbihi. Ikiwa mambo ni hayo, mpaka kati ya sanaa ya kuiga na sanaa ya dhahania si ukuta. Chungu hakiigi mwili, wala hakiukatai.

Zaidi ya hayo, lugha ina ushahidi mwingine ulio mzito zaidi. Neno ambalo kila mhakiki hulitumia anaponena juu ya sanaa hii ni umbo. Umbo latokana na kitenzi umba, ambacho leo husikiwa hasa katika kumtaja Muumba na viumbe vyake. Lakini shina hilo katika lugha za Kibantu lilikuwa na maana ya kufinyanga udongo. Katika Kinyarwanda na Kirundi kubumba ni kufinyanga vyungu; katika Kiganda mfinyanzi ni omubumbi; na katika Kikuyu jina la Mumbi, mama wa kabila, lina maana ya mwenye kuumba au kufinyanga. Kiswahili kiliipoteza sauti ya kwanza ya shina hilo, kikalipandisha neno mpaka katika mambo ya Mungu, na kazi ya kila siku ya mikono kikaiachia kitenzi finyanga. Hata hivyo asili yake haikufutika. Anenaye juu ya umbo la sanamu ya Rodin, au umbo la mraba wa Nicholson, hutumia neno lililozaliwa katika udongo wa mfinyanzi.

Kitenzi chora nacho kina historia ya kufanana na hiyo. Leo wengi hukifahamu kwa kalamu na rangi, lakini kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hukipa pia maana ya kukata nakshi katika mti au jiwe. Basi mbao nyeupe za Nicholson, ambazo wahakiki walibishana kama ni picha au ni sanamu, zingepata jina bila ugomvi kwa msemaji wa Kiswahili cha zamani: zimechorwa. Wala pwani ya Afrika ya Mashariki haikungoja Ulaya ili kuona sanaa hizi mahali pamoja. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka kwa safu, chokaa yake ikakatwa nakshi za pembe na miviringo, na mabakuli ya kutoka ng'ambo yakapangwa ndani yake. Aliyepanga chumba hicho alijua kwamba mstari uliokatwa na chombo kilichoviringika hupeana nguvu.

Kwa mizani hiyo maonyesho ya Wakefield yanaweza kupimwa. Mahali yalipofaulu zaidi ni pale yalipokiweka chombo kando ya sanamu bila kukivika mavazi ya kuazima. Barbara Hepworth, aliyezaliwa katika mji uo huo wa Wakefield mwaka 1903, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulitoboa jiwe tundu la kupenya upande wa pili, na tendo hilo huhesabiwa kuwa hatua kubwa katika uchongaji wa karne ya 20. Lakini uwazi ambao mchongaji aliutafuta kwa patasi ndio ambao mfinyanzi huanza nao. Mfinyanzi huuzungushia uwazi udongo, na ukuta wa chombo ni mpaka wa uwazi huo. Mwenye kutazama chombo cha Odundo kisha akaitazama kazi ya Hepworth hufahamu kuwa jiwe ndilo lililojifunza kwa chungu.

Vyombo vya Hans Coper navyo vilisaidia kuonyesha tofauti. Coper alifinyanga vipande kwa gurudumu, kisha akaviunganisha: sahani juu ya mwanzi, yai juu ya kinara. Vipande hivyo vina hesabu ya jometri. Vyombo vya Odundo havina hesabu hiyo. Pande zake mbili hukaribia kulingana zisilingane, na mkao wake ni kama wa mtu aliyeegemea. Aonaye vyombo vya watu hao wawili karibu karibu hujifunza kuwa sanaa ya dhahania haina lazima ya mraba na duara kamili.

Walakini sifa hizo hazifuti kasoro mbili. Ya kwanza ni majina. Katika majumba ya sanaa ya Ulaya, kibao kilicho kando ya sanamu ya Rodin humtaja Rodin, lakini kibao kilicho kando ya mtungi wa kale wa Afrika aghalabu hutaja kabila au nchi tu. Ladi Kwali alitoka katika kundi hilo lisilo na majina: kazi za Abuja zilionyeshwa katika Berkeley Galleries, mjini London, mwaka 1958, 1959 na 1962, naye akajulikana, hata picha yake ikatiwa katika noti ya naira 20 ya Nigeria. Waliosalia hawakukosa majina. Waliovichukua vyombo vyao hawakuuliza. Mpangaji wa maonyesho hawezi kuyarudisha majina yaliyopotea, lakini yafaa aseme kwamba yalipotea, na yalipoteaje. Asiposema, udugu wa sanaa huwa ni udugu wa watu wenye majina pamoja na vitu vya watu wasio na majina.

Kasoro ya pili ni matumizi. Kwa Kiswahili chombo ni kitu chenye kazi, kiwe ni cha jikoni, cha fundi au cha baharini. Vyombo vya Odundo havichotewi maji, vimefanywa vitazamwe. Hapo yuko karibu na Staite Murray kuliko ambavyo wasifu wake wengi hukubali. Lakini iko tofauti. Odundo hakuuficha ukoo wa kazi yake, bali aliuita katika chumba kimoja nayo: aliyemfundisha, waliomtangulia, na vitu vilivyotumika katika maisha ya watu. Vyombo vyake havina maji, lakini vimehifadhi mkao wa vilivyochukua maji.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo ni kwamba chungu hakikuwa mgeni katika jumba lile. Wahakiki wanaoandika kwa Kiswahili wana jambo la kufanya. Neno dhahania limekwisha enea, wala haliwezi kuondolewa kwa amri. Lakini litumiwapo juu ya sanaa yafaa liongozane na neno umbo, lililo la zamani zaidi na lililo wazi zaidi. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa aulizwe kwanza juu ya umbo la kitu kilicho mbele yake: tumbo lake, shingo yake, mdomo wake, na uwazi uliomo ndani yake. Maswali hayo anayaweza, kwa kuwa amekwisha kujifunza kuyajibu mbele ya mtungi wa nyumbani kwao.