Marejeo Ngamani: Safari ya Kuzamia Hupangwa Kuanzia Siku ya Kurudi

Ratiba yetu ya kwanza ilipendeza kwenye karatasi. Tulikuwa sita, wa Kitui mjini, Wote na Mbooni, na tulitaka siku nne za kupiga mbizi kwenye visiwa vya kusini mwa pwani yetu. Siku ya mwisho ilisomeka hivi: Jumapili asubuhi, mbizi ya mwisho Kisite, mchana, chakula Shimoni, jioni, basi kutoka Mombasa, usiku, kila mtu kitandani kwake. Hakuna hata saa moja iliyopotea, na hapo ndipo lilipokuwa kosa.

Mzamiaji huvuta hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Juu ya bahari mgandamizo ni bar 1 hivi, na kila mita 10 za kina huongeza bar nyingine. Kwenye mita 20, basi, anavuta hewa ya bar 3. Oksijeni mwili unaitumia. Naitrojeni, ambayo ni kama asilimia 78 ya hewa, mwili hauna kazi nayo. Inayeyuka katika damu na mafuta, na kadiri unavyokawia chini ndivyo inavyozidi kujaa. Ukipanda, mgandamizo hupungua na gesi hiyo hutafuta njia ya kutoka. Ikitoka polepole kwa pumzi, ni salama. Ikiharakishwa, hugeuka mapovu ndani ya mwili, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Mapovu huleta maumivu ya viungo na ganzi, na yakidhuru uti wa mgongo huweza kumpoozesha mtu.

Kila mwanafunzi wa kuzamia hufundishwa kupanda polepole hadi juu ya maji. Sisi wa Ukambani tunapaswa kuongeza somo moja: kwetu kupanda hakuishii hapo. Kutoka Mombasa barabara na reli zinakwea. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, Kibwezi imekaribia 900, Kitui mjini imepita 1,100, na vilima vya Mbooni vinapanda zaidi ya hapo. Kwenye mita 1,200 mgandamizo wa hewa umeshuka hadi kama bar 0.88. Mwili uliotoka baharini siku hiyo hiyo unakutana na kupanda kwa pili, safari hii ukiwa umeketi dirishani.

DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, una mwongozo uliotokana na mkutano wa mwaka 2002: baada ya mbizi moja subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, baada ya mbizi kadhaa, au siku kadhaa za kuzamia, angalau saa 18. Unahusu ndege ambazo hewa ndani yake ni kama ya mwinuko wa mita 600 hadi 2,400 hivi. Kitui, Wote na Mbooni zote zimo ndani ya vipimo hivyo. Mwongozo uliandikwa kwa ajili ya ndege, lakini damu haijui kama umepanda ndege au basi. Inajua mgandamizo tu.

Tukaifuta ratiba na kuianza upya kutoka mwisho wake. Swali la kwanza likawa: tutafika mwinuko wa mita 600 saa ngapi? Treni ya Madaraka inayosimama vituo vya kati hutoka Mombasa asubuhi. Tukaichagua hiyo, ya Jumapili. Wa Kitui wangeshuka Kibwezi na kufuata lami ya Ikutha na Mutomo. Wa Wote na Mbooni wangeshuka Emali. Kutoka hapo tukahesabu kurudi nyuma: mbizi ya mwisho iishe Jumamosi saa tano asubuhi. Hadi treni iondoke saa mbili kesho yake ni saa 21, na hadi ifike Voi zinaongezeka nyingine. Mbizi za kina kirefu tukaziweka siku za mwanzo, za kina kifupi mwishoni.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyothibitisha uchaguzi wetu wa kisiwa. Pemba ilituvutia sana: mkondo kati yake na bara una kina cha mita 800 hivi, na kisiwa cha Mesali kilicho kando yake kina matumbawe ya kusifika. Lakini kutoka Pemba ni ama ndege, inayohitaji saa zake za kusubiri, ama boti, kisha safari nyingine ya kurudi Kenya. Kwa siku tulizokuwa nazo, Pemba ingekula nusu ya mbizi zetu. Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari iliyo kusini mwa kisiwa cha Wasini chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ilitupa visiwa visivyokaliwa na watu, pamoja na barabara ya moja kwa moja ya kurudi.

Baada ya hesabu ya saa, tukapanga majira. Kusi huchafua bahari kuanzia Aprili, na masika hutia tope. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huleta maji maangavu. Oktoba na Novemba kwetu ni msimu wa kupanda mbegu. Februari ndengu zimeshavunwa na mfuko una kitu. Ndani ya Februari tukatazama mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa nguvu na mikondo kukimbia kati ya visiwa. Mwezi nusu huleta maji mafu, na wageni wa bahari kama sisi tulihitaji utulivu huo. Manahodha wa Shimoni hupanga kazi zao hivyo tangu zamani.

Jambo la mwisho tuliloandika ni la dharura: oksijeni iwemo botini, na tupige simu kabla ya kuondoka kuthibitisha ni chemba ipi ya tiba ya mgandamizo inayofanya kazi wiki hiyo, na nani anaipokea simu usiku.

Gharama ya marekebisho haya ilikuwa mbizi ya Jumapili asubuhi. Alasiri ile ya Jumamosi tuliitumia Wasini, tukitembea kwenye daraja la mbao la akina mama wa kisiwa, juu ya bustani ya matumbawe ya kale na mikoko, huku naitrojeni ikitutoka kwa kila pumzi.

Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Hata uzunguke chombo chote, mwisho utashuka pale pale, tumboni mwa chombo. Ngama yetu sisi iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Ukiketi kupanga safari ya kuzamia, andika kwanza saa utakayofika nyumbani, kisha rudi nyuma hadi ufike majini.